Maziwa ya Patroni

"Si kifua kikuu," dokta alisema, na Joselyne akamshukuru Mungu mapema mno.

Alimshukuru kwa sauti, akapiga na ishara ya msalaba, kwa sababu kwa wiki kadhaa majirani walikuwa wameanza kutenga vikombe vyao akipita. Gratien, mumewe, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kupimia, shati mkononi, mbavu nje, akihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima ilhali hakuwa ameinuka hapo tangu asubuhi. Dokta Kirezi alikuwa mwanamke kijana aliyekulia Tanzania. Alipotambua kwamba hawa wawili ni watoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, aliacha Kinyarwanda akasema nao Kiswahili, na Joselyne alifarijika kwa hilo pia. Ukiwa na shida hata lugha ni msaada.

Dokta aliinua picha ya kifua mbele ya dirisha, akaitazama kwa muda.

"Baba Christella, unafanya kazi gani?"

"Nakata mawe, dokta. Graniti. Ile ya kuweka jikoni kwa watu wakubwa."

"Mnakata kwa maji au kavu?"

Gratien alimtazama mkewe kwanza. "Maji iko nakuja mara moja moja. Ikikosa, tunakata kavu."

"Na inakosa mara ngapi?"

"Iko nakosa sana."

"Usoni mnavaa nini?"

"Kitambaa. Lakini patroni, bosi wetu, iko natupatia maziwa, dokta. Kila siku, kikombe kikubwa. Ya kusafisha kifua."

"Na mimi namwongezea nyumbani," Joselyne akadakia, tena kwa fahari. "Nyama tunaweza kukosa. Maziwa yake hakosi."

Dokta hakucheka. Heri angecheka. Aliishusha ile picha, akaweka kidole kwenye koo lake mwenyewe.

"Mama Christella, hapa kuna njia mbili. Hii inakwenda tumboni, hii inakwenda kwenye mapafu. Maziwa yanapita huku. Vumbi linapita huku. Hayakutani. Maziwa hayajawahi kufika kwenye mapafu ya mtu akabaki mzima."

Nje ya mlango muuguzi aliita jina la mtu mwingine, mara mbili.

"Kwa hiyo hii yote..." Joselyne alianza.

"Vumbi la jiwe likishaingia halitoki. Mapafu yanaota makovu, yanakuwa magumu. Nitampa dawa ya kumsaidia kupumua. Kumponya siwezi, nisikudanganye. Na kule kazini asirudi hata siku moja."

Gratien alivaa shati lake, akakosea vifungo, akavifungua, akavikosea tena. Kisha akasema, "Murakoze, dokta." Ndivyo alivyo. Hata umkanyage mguu, Gratien atakushukuru kwamba hukumkanyaga yote miwili.

*

Joselyne alimfikisha nyumbani, akamlaza, akampa dawa. Halafu akasimamisha pikipiki aende Sonatubes, kazini kwa Gratien. Dereva alimpa kofia ngumu na hakuondoka mpaka amehakikisha ukanda umefungwa chini ya kidevu.

"Mama, kaza vizuri. Polisi wakikuona hivyo, mimi ndiye nakula faini."

Joselyne akakaza, hasira zikimpanda. Kigali hii nzima inalinda vichwa vya watu! Ukitembea na kichwa kitupu utapigiwa filimbi kabla hujafika kwenye taa. Lakini mtu anaweza kumeza jiwe mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi, na filimbi isilie.

Karakana ya Bayingana, patroni wa Gratien, iko chini kidogo ya makutano ya barabara. Mbele kuna ukumbi wa vioo ambapo wateja huchagua mawe. Nyuma kuna uzio wa mabati, na huko ndiko yanakokatwa. Mlinzi alikuwa akimwagilia maua kwa mpira wa maji. Alimtazama Joselyne viatu, si uso.

"Mafundi wanapita nyuma, mama."

"Mimi si fundi."

"Basi jipanguse miguu. Humo ndani hatutaki vumbi."

Joselyne alisimama akamkodolea macho, halafu akajipangusa. Alijipangusa kweli, kwenye zulia la mlangoni, mguu mmoja baada ya mwingine, na baadaye jambo hilo lilimuuma kuliko yote ya siku ile. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine. Mawe yalisimama ukutani yaking'aa, mengine yamefunikwa plastiki yasiguswe na hewa. Shyaka, mtoto wa patroni, kijana wa shati jeupe anayeuza huko mbele na ambaye hakuna aliyewahi kumwona upande wa nyuma, alimwambia kwa upole asiegemee kitu.

Bayingana mwenyewe alitoka ofisini ameshanyoosha mikono yote miwili. Si mtu wa ukali. Afadhali angekuwa mkali, mtu ungejua pa kumshika. Alikulia Uganda, Kiswahili chake kikavu, lakini kicheko chake kinajaza nyumba.

"Mama wetu! Gratien anaendeleaje? Nimesikia ni tibii."

"Si tibii, patroni. Ni jiwe lako. Dokta ameona kwenye picha. Ni vumbi."

"Ah, madokta." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Mama, kazi yote iko na hatari yake. Hata hiyo pikipiki umekuja nayo. Lakini uliza, zunguka Kigali yote, nenda mpaka Gisimenti, uliza nani mwingine anawapa watu wake maziwa. Kila siku! Bila kukata kwa mshahara!"

"Maziwa inaenda tumboni."

"Nini?"

"Iko naenda tumboni, patroni. Vumbi inaenda kwa mapafu. Ni njia mbili. Kwa nini hawakati na maji?"

"Maji inakatika, si unajua mwenyewe? Nikinunua lori la maji kila wiki nitafunga hii kazi, na wote watalala njaa. Maziwa, ng'ombe ni zangu."

Aliyasema hivyo, waziwazi, na Joselyne akaelewa. Ng'ombe ni zake, maji ni ya kununua. Hapakuwa na siri kubwa zaidi ya hiyo. Na wao nyumbani walikuwa wakimwombea kwa jina! Kila Noeli Joselyne alikuwa akimpelekea mke wake kapu la maharage mabichi kwa shukrani, eti maziwa ya patroni yanamlinda mume wangu. Alitamani ayarudishe maharage yale, moja moja.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa na mtu aliyebeba kipimio, na kwa dakika moja Joselyne akaona kule ndani. Ilikuwa saa ya maziwa. Wanaume walipanga mstari mbele ya pipa la plastiki, weupe kuanzia nywele hadi kope, kila mmoja na kikombe. Mugenzi, rafiki wa Gratien wa tangu zamani, alikuwa ameshapata chake. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya maziwa, naye akalipuliza pembeni, kama mtu anavyopuliza utando wa chai, akanywa. Alipomwona Joselyne aliinua kikombe kumsalimu.

"Sisi hatuwezi kumwacha mgonjwa," Bayingana alisema, akimsindikiza mlangoni huku kamshika bega. "Jumapili tunakuja kumwona."

*

Walikuja kweli, baada ya misa. Gari lilizuia njia nzima ya mtaa wao wa Kicukiro, na watoto wakajazana kulishika. Joselyne alikuwa ameazima viti viwili kwa Mukankusi, mama mwenye nyumba, ambaye alivileta mwenyewe ili apate sababu ya kusimama mlangoni. Gratien alivaa koti lake la kanisani, lilimning'inia mabegani. Niyongabo, mdogo wake, mwanaume wa zaidi ya miaka thelathini aliyekuwa akilala sebuleni kwao tangu hoteli aliyokuwa akifanya kazi ifungwe, alikuwa amepiga pasi shati. Joselyne aliliona lile shati akalitilia shaka. Siku ya kumwona mgonjwa hakuna anayepiga pasi vile.

Bayingana aliketi. Clovis, msimamizi wa mafundi, aliweka chini ndizi mbivu na dumu la maziwa, akakohoa kidogo, akaanza hotuba. Alisema vizuri, hilo tusimnyime. Alimsifu Gratien, alimsifu marehemu baba yake Gratien ambaye hakuwahi kumjua, alisema kazi ni ukoo na patroni ni mzazi. Halafu akafika alikokuwa akienda.

"Patroni amefikiri sana. Amesema mahali pa Gratien pasitoke nje ya nyumba hii. Niyongabo aanze kesho Jumatatu, kwa mashine ile ile ya kaka yake. Na Gratien atapata kitu kidogo kila mwezi, cha dawa. Sasa mambo ya kwenda wilayani, kuita wakaguzi, hayo ni ya watu wasiojuana. Sisi tumenywa maziwa pamoja."

Niyongabo alikuwa akitazama sakafu, lakini uso wake ulikuwa umechangamka.

"Asante, patroni," Gratien alisema. Akavuta pumzi. "Asante... sana."

Joselyne aliyasikia hayo akahisi kama amepigwa kofi. Sebuleni kulikuwa na watu watano na hewa, na katika wote hao ni mumewe tu aliyekuwa akiitafuta, na ndiye aliyekuwa akishukuru.

"Clovis," alisema. "Mimi nina swali."

"Uliza, mama."

"Barakoa ya vumbi, nani ananunua?"

Sasa, ijulikane kwamba kila wakaguzi walipotarajiwa, Clovis aliwakusanya mafundi akawafundisha majibu kama katekista anavyofundisha watoto wa komunyo. Yeye anauliza, wao wanaitika. Gratien alikuwa akiyarudia nyumbani huku akinyoa ndevu, mpaka Joselyne naye akayashika.

"Mwajiri," Clovis alijibu. Mdomo ulitangulia kichwa.

"Na kabla mtu hajaanza kazi, anaelezwa nini?"

"Anaelezwa hatari za..." Clovis alimtazama patroni.

"Na jiwe inakatwa vipi?"

Clovis aliinama akasogeza ndizi zilizokuwa sawa tayari.

"Kwa maji," Joselyne akamjibia. "Gratien aliijua vizuri, ulimfundisha wewe. Sasa nikuulize ile hukumfundisha. Wakaguzi wakitoka, barakoa inaenda wapi?"

"Mama..." Bayingana alianza.

"Inarudi stoo! Inafungiwa mpaka mwaka mwingine! Vumbi nayo inaenda stoo?"

Mlangoni Mukankusi alifunika mdomo kwa kitenge. Bayingana hakukasirika, au hakuonyesha. Aliinama mwenyewe, akafungua dumu, akamimina maziwa kwenye kikombe, akamnyooshea Joselyne kwa mikono miwili. Na kila mtu humo ndani alijua maana yake. Maziwa yanayotolewa hivyo hayakataliwi. Ukiyanywa, mmeelewana, ukiyakataa, umemtukana mtu na ng'ombe wake na mama aliyemzaa.

"Tumekuja kwa amani, mama wetu."

Joselyne alikitazama kikombe. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Niyongabo asianze kesho," alisema. "Shyaka ndiye aanze."

"Nani?"

"Shyaka, mtoto wako. Aanze kesho, mashine ya Gratien, bila maji. Mimi nitamnunulia maziwa kwa pesa yangu. Nitauza hata godoro. Kikombe kikubwa, kila siku, Mungu ananisikia."

"Unanitukana."

"Nimekutukana wapi? Si kazi? Si kazi nzuri? Si maziwa inasafisha kifua?"

Bayingana alikiweka kikombe chini polepole, akasimama. Clovis akasimama, akaangusha kiti cha Mukankusi, akakiinua. "Hayo si maneno ya kumwambia mzazi mwenzio," alisema, na wakatoka. Gratien alijaribu kuinuka awasindikize kama adabu inavyotaka. Hakuweza, akaketi tena, na machozi yakamtoka kwa aibu.

Niyongabo aliruka juu. "Shemeji, umenifungia riziki!"

"Nimekufungia kaburi."

"Wewe uko na kazi ya kunipa? Sema! Nimezunguka mji huu mpaka kiatu imetoboka. Nitafanya miezi kidogo tu, nipate ya kununua pikipiki, nitoke."

"Kaka yako alisema hivyo hivyo. Pikipiki hiyo hiyo!"

Hakumsikia. Alikuwa ameshatoka mbio, na mtaa mzima ukamwona mwanaume mzima akikimbilia dirisha la gari, amekunja mikono kifuani, akiomba msamaha kwa niaba ya watu wasioomba. Aliporudi hakumtazama Joselyne.

"Amesema hana kinyongo. Amesema nije."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, watu husema, lakini si kweli. Bayingana aliijua njaa ya Niyongabo vizuri kabisa, ndiyo maana hakuwa na haraka.

Gratien alimwita mdogo wake kwa kidole. Niyongabo akainama karibu.

"Ukikata," Gratien alisema, "geuza uso... Upepo ukitoka barabarani... simama huku." Akamwonyesha kwa mkono. "Kitambaa... kifue kila jioni."

Alikuwa akimrithisha kazi. Joselyne hakuweza kuyasikiliza, akatoka nje, na yale maziwa akayamwaga mtaroni mbele ya macho ya majirani. Mukankusi alisema, "Yesu wangu!"

*

Jumatatu Joselyne aliamka mapema akaenda bombani. Maji yalikuwa yakitoka kwa uzi mwembamba na foleni ilikuwa ndefu, akagombana na wawili hadi akajaza jerikani yake kubwa. Niyongabo alipotoka nyumbani na kitambaa shingoni alimkuta njiani, ngata kichwani, jerikani juu ya ngata.

"Shemeji, unaenda wapi?"

"Kazini."

"Usinifanyie hivi. Watanicheka."

"Wacheke. Wao wako na hewa ya kuchekea."

Alimwacha atangulie kwa hatua nyingi, ajifanye hamjui. Kwenye lango la nyuma mlinzi alimzuia, naye akasema anapeleka maji ya shemeji yake, na kwa kuwa mlinzi hakuwa ameambiwa kwamba maji yamekatazwa, akampisha.

Ndani kelele ilikuwa ya kupasua masikio. Joselyne alisimama kando ya mashine ya Gratien, akatua mzigo. Wanaume walimtazama kupitia ule ukungu mweupe. Niyongabo aliweka jiwe kama alivyoelekezwa, akawasha. Msumeno ulipogusa jiwe, Joselyne aliinamisha jerikani akamimina polepole pale pale chuma kilipokuwa kikiuma, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono. Vumbi halikuinuka. Badala yake uji wa kijivu ukatiririka kando ya jiwe, ukadondoka chini, ukalowanisha miguu yao wote wawili.

Clovis alikuja mbio akipunga mikono. Joselyne hakuinua kichwa. Mugenzi alizima grinda yake akasogea aone. Wa pili akazima akasogea, wa tatu pia, hadi wote. Walikuwa wameshakata kwa maji siku za nyuma, maji yalipokuwepo, kwa hiyo si kwamba waliona ajabu. Lakini walisimama tu, wakiutazama ule uji, wakijua kila tone lake lingekuwa wapi kama si yule mwanamke.

Jerikani ikawa nyepesi. Ikatoa tone la mwisho, na msumeno ulikuwa haujafika hata nusu ya jiwe.

Niyongabo aliendelea. Vumbi likapanda mara moja, likampiga usoni, akageuza uso kama alivyofundishwa, upande ule ule alioonyeshwa na kaka yake. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mtu mwenye afya, cha kuondoa kitu kooni. Joselyne alikijua. Ndicho alichokisikia nyumbani kwake mara ya kwanza kabisa, na akasema, kunywa maziwa.

Safari hii alimtazama shemeji yake mpaka naye akamtazama.

Niyongabo akazima mashine.

Wakati huo Bayingana alikuwa amefungua mlango wa ukumbi wa vioo, na nyuma yake mteja, mwanamke wa viatu virefu, alikuwa akichungulia.

"Kuna nini? Mbona kimya?"

"Washa!" Clovis alimfokea Niyongabo. "Siku ya kwanza tu unataka kufukuzwa?"

Niyongabo alijipangusa macho kwa mkono wenye tope. Alikuwa akiihitaji kazi ile kuliko mwanaume yeyote aliyekuwa humo ndani.

"Maji yamekwisha, patroni," alisema.

"Maji? Nani amezungumza habari ya maji? Kata!"

Mugenzi alirudi mahali pake. Joselyne akadhani anakwenda kuwasha. Mugenzi aliinama, akauchomoa waya wa grinda yake ukutani, akauviringisha taratibu, akauweka juu ya jiwe.

"Maji yamekwisha," naye akasema.